Herufi Tatu za Nshamba

Liko swali moja ambalo kwa sura yake ya nje ni la watoto, lakini kwa undani wake limewashinda watu wazima wengi: neno ni mali ya nani? Sikulifikia swali hili kwa kusoma vitabu vya wenye hekima. Nililifikia mbele ya ubao, chaki mkononi, katika shule moja ya upande wa Nshamba, nilipokuwa mwalimu kijana wa Kiswahili, tena mwenye kujiamini kupita kiasi cha elimu yake. Nililifikia kwa njia ya mchezo, na katika mchezo huo nilimdhulumu mtoto. Msomaji ataniwia radhi nikianza na mchezo kabla ya dhuluma.

Nshamba imo katika wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, katika nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Ihangiro zamani za wafalme wa Kihaya. Mgeni akifika huko haoni kijiji mara moja; huona migomba. Nyumba zimejificha ndani ya migomba, na mibuni imesimama katika kivuli chake, na nje ya vibanja hivyo liko eneo tupu la majani liitwalo rweya, ambako upepo hupita bila kizuizi. Mimi ni mtu wa pwani. Nilikuwa nimezoea nazi na chumvi, na katika miezi yangu ya kwanza mvua ya huko ilinifunza subira. Siku ambazo mvua ilipiga bati la darasa hata sauti ya mwalimu isisikike, nilibuni kazi ya kufanywa kimya: niliandika herufi ubaoni, watoto wakatafuta maneno yenye herufi hizo.

Siku ya kwanza niliandika jina la mahali penyewe, NSHAMBA, nikawaamuru watoe humo maneno ya Kiswahili, pasipo kuongeza herufi wala kuirudia kuliko ilivyorudiwa ubaoni. Yalikuja kwa wingi: saba, sana, nasa, hasa, hama, hana, bana, namba, hamna. Kisha mvulana mmoja aliyekaa nyuma akasimama akatoa lililoyapita yote: shamba. Herufi sita katika saba, tena zikifuatana kama zilivyo, bila kuhamishwa hata moja. Darasa lilipiga makofi. Nami, kwa furaha ya kuona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu siku zote, nikatangaza kwa sauti ya mjuzi kwamba basi jina la Nshamba, kwa asili yake, halina maana nyingine ila shamba.

Sikuwa na ushahidi wowote. Jina lile ni la Kihaya, na asili yake haina budi kutafutwa katika Kihaya na kwa wazee wa mahali pale, si katika macho ya mpita njia wa pwani. Neno moja kuonekana ndani ya jingine si dalili ya ukoo. Ndani ya kitabu imo tabu, wala hapana mtu mwenye akili timamu asemaye kwamba kitabu ni tabu ndogo, isipokuwa mwanafunzi aliye katika juma la mitihani. Lakini ndivyo alivyo mtafutaji: akikuta kitu kinachofanana na alichonacho nyumbani, hudhani amekifahamu. Kwa muda wa juma zima nilitembea Nshamba nikidhani natembea katika neno langu mwenyewe.

Na ile herufi ya saba? Ilibaki peke yake mwanzoni, N, haikuingia katika shamba. Sikuitazama. Nilidhani ni pambo la matamshi ya bara. Nitairudia, maana ndiyo yenye kisa.

Kabla ya kuirudia, niseme neno juu ya herufi zenyewe, kwa kuwa watu wengi hudhani herufi na sauti ni kitu kimoja. Katika jina la Nshamba jicho linaona s na h. Sikio halisikii s wala h, linasikia sauti moja tu. Mababu zetu wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu waliiandika sauti hiyo kwa alama moja, shini, wala isingewapitikia kuipasua vipande viwili. Watoto wangu walipotoa hasa, na hama, na hana katika Nshamba, walivunja sauti moja wakapata mawe mawili ya kujengea. Mchezo unaruhusu. Walakini yafaa tukumbuke kwamba tuliokuwa tukiyatafuta hayakuwa maneno yaliyomo katika jina. Yalikuwa maneno yaliyomo katika namna moja ya kuliandika jina. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliyeandika jina lile kwa nuni na shini angekuwa na mchezo mwingine na majibu mengine. Hata kabla mtoto hajafikiri, yule aliyechagua mwandiko amekwisha amua ni maneno gani yatakayoweza kupatikana.

Siku ya pili mchezo ulinipa heshima yangu tena. Niliwaambia watafute majina yenye irabu zote tano, kila moja mara moja tu. Vitenzi nilivikataza, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hubeba sentensi nzima, na mwenye hila angeweza kunijia na tulioenda na mengine ya namna hiyo. Baada ya kitambo wakaja na upokeaji. Kisha upotezaji. Kisha uongezaji. Msichana mmoja, ambaye baba yake alikuwa mwangalifu wa miche ya kahawa, akaleta uoteshaji. Niliyaandika ubaoni moja chini ya jingine, nikaona jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Irabu zimefuatana kwa taratibu ile ile katika yote manne: u, o, e, a, i. Hapana hata moja iliyovunja safu.

Hiyo haikuwa bahati. Kiswahili kina sheria ya upatano wa irabu. Kitenzi ambacho shina lake lina o au e huchukua e katika viambishi vya kutendea na kutendesha, na chenye a, i au u huchukua i. Twasema somea na ongeza na otesha. Lakini twasema pikia na fungia na katisha. Kwa hiyo o ikishatangulia katika shina, e hufuata nyuma yake, kisha a ya mwisho wa kitenzi, na jina la kitendo huvikwa u mbele na ji nyuma. Mtoto atafutaye herufi tano kwa kubahatisha amepelekwa na lugha, bila kujua, hadi kwenye mlango mmoja. Nilitoka darasani siku ile nikisadiki kwamba lugha ni mahakama ya haki: ina sheria, na sheria haimpendelei mtu. Kesho yake nikawa hakimu.

Siku ya tatu niliandika herufi tatu tu, N, S na H, nikaweka sharti kwamba zifuatane hivyo hivyo ndani ya neno, kama zilivyofuatana katika jina la Nshamba. Kwa kuwa nilijua maneno ya namna hiyo ni machache, niliondoa katazo la vitenzi: neno lolote la Kiswahili litahesabiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha tazama kamusi usiku, nikapata mawili, yote mawili ya asili ya Kiarabu. La kwanza ni insha. La pili ni inshallah. Nililicheka lile la kwanza, maana nilikuwa nimewapa watoto wale insha kila Ijumaa kwa muhula mzima pasipo kugundua kwamba jina la kazi hiyo lina kitovu kimoja na jina la kijiji chao.

Mvua ilinyesha. Dakika zilipita. Mmoja akapata inshallah, na mwingine, kwa kutazama jalada la daftari lake, akapata insha. Nikawapa alama. Kisha akasimama msichana mdogo wa safu ya mbele, mwenye haya, ambaye kwa kawaida hakunyoosha mkono isipokuwa kuomba ruhusa ya kutoka. Akasema, "Mwalimu waitu, nshomile."

Darasa zima likaangua kicheko.

Kwa msomaji asiyetoka Tanzania sina budi kueleza. Nshomile, katika Kihaya, ni kitenzi kilichotimia: n ni mimi, shom ni shina la kusoma, na ile ni alama ya jambo lililokwisha tendeka. Maana yake ni nimesoma, basi. Lakini neno hilo limetoka Bukoba likasafiri nchi nzima, na katika safari hiyo limebadilika sura. Mahali pengi Tanzania Mhaya akionekana kujigamba kwa elimu yake, au akitia maneno ya Kiingereza mahali yasipohitajiwa, huitwa Nshomile. Wakati mwingine huitwa hivyo hata kabla hajafumbua kinywa, kwa sababu ya jina la ukoo wake tu. Wengine hucheka nao, wengine huumia kimya. Watoto wale walikuwa Wahaya karibu wote, na walikwisha jifunza kutoka kwa ndugu zao waliokwenda mijini kwamba neno la mama zao ni neno la kuchekwa.

Nami nikacheka. Kisha nikaliandika, nikalipiga mstari, nikalifuta, nikasema, "Hilo si Kiswahili."

Katika nchi ile kicheko kina historia ambayo haikunijia akilini wakati ule, nayo inanijia sasa kila nikikumbuka darasa lile. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, si mbali na huko, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko kikaenea hata wanafunzi 95 katika 159 wakapatwa nacho, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Baadhi ya wasichana walikuwa wenyeji wa Nshamba. Walipopelekwa kwao, kicheko kikafuatana nao, na katika miezi ya Aprili na Mei watu 217 wa Nshamba wakapatwa, wengi wao vijana na watoto wa shule. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika habari hiyo mwaka 1963. Hawakukuta sumu wala kijidudu. Wenyeji waliuita ugonjwa wa kucheka, na kitenzi chao cha kucheka ni kusheka: sh mahali pa ch yetu. Waliocheka hawakuwa na furaha. Walilia, waliogopa, walikimbia. Sisemi kwamba kicheko cha darasa langu kilikuwa cha namna hiyo. Nasema tu kwamba kucheka pamoja na wengi si lazima kuwe na sababu ya kuchekesha, na kwamba mtu mzima mmoja aliyekuwamo chumbani angeweza kukizuia, naye hakukizuia.

Turudi kwenye hukumu yangu, tuipime kwa haki, kwa maana siyo kwamba haikuwa na hoja.

Mchezo usio na mipaka si mchezo. Nilisema maneno ya Kiswahili, na nshomile kwa kuzaliwa ni neno la Kihaya. Kama kila mtoto angeruhusiwa kuleta neno la nyumbani kwake, mtoto wa Kihaya angewashinda wote kwa herufi za sh, mtoto wa Kisukuma angewashinda kwa nyingine, na kazi yangu ya kufundisha lugha moja ya taifa zima ingekuwa bure. Lugha sanifu ni ahadi baina ya watu wasiojuana. Waliokaa katika kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki, wakachukua lahaja ya Unguja kuwa msingi, walilazimika kuacha nje maneno mengi mazuri ya Mvita na Lamu na Pemba, na bila kuacha hivyo mimi wa pwani nisingeweza kusomesha Nshamba hata kidogo. Hoja hiyo nzito sitaki kuidharau, na hata leo naishika.

Lakini tazama ninavyoitumia. Insha ilikuja kutoka Arabuni, nikaipa alama. Inshallah ilikuja kutoka Arabuni, nayo nikaipa alama. Nshomile ilitoka ng'ambo ya ukuta wa darasa, nikaifuta. Kama kuzaliwa nje ndiko kosa, yote matatu yana kosa. Ikiwa kutumika ndiko kunakotakasa neno, basi nshomile limetumika: lipo katika mazungumzo ya Kiswahili Dar es Salaam na Mwanza, watu wanasema huyu ni Nshomile, wale ni Manshomile, na hapana Mswahili anayehitaji kutafsiriwa. Kwa maana ya tusi, neno lile lilikwisha kuwa Kiswahili. Kwa maana ya nimesoma, maana aliyoikusudia msichana yule, halikuwa. Lugha yetu ilikuwa imelifungulia tusi mlango na kuufungia ushahidi, na mimi nilisimama mlangoni nikiita kazi hiyo sarufi.

Nimetaja ushahidi. Wamisionari wa Kikatoliki walifika Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Waliotangulia huko kaskazini, katika Buganda, walikuwa wamewafundisha watu dini na herufi kwa mkono mmoja, hata waongofu wakaitwa wasomaji, na kusoma na kuongoka vikawa karibu jambo moja. Yamkini katika nchi ya Wahaya, mtu wa vizazi vile aliyesema nshomile hakuwa akijigamba. Alikuwa akieleza amevuka mto gani. Mtoto wa mkulima wa migomba amefumbua kitabu akakielewa, na hilo ni tukio katika maisha ya ukoo. Kahawa ililipa karo, na wazazi waliuza kilo baada ya kilo ili mmoja aweze kulisema neno lile. Mwaka 1960 Laurean Rugambwa, mzaliwa wa nchi hiyo ya Wahaya, akawa kardinali wa kwanza Mwafrika, na sidhani palikuwa na nyumba katika vibanja vile isiyojua herufi zilimfikisha wapi. Majivuno yapo, sikatai. Nimekutana nayo, na mengine yalinichosha. Lakini watu wakisema nimesoma katika nchi ambayo kusoma kulinunuliwa kwa bei ile, si haki kuanza kwa kudhani kwamba wanajivuna.

Sasa ile N.

Katika maneno mengi ya ukoo wetu wa Kibantu, majina ya ngeli moja huanza kwa n. Kiswahili huihifadhi n hiyo mbele ya sauti nzito, kama katika ndege, na ngoma, na huigeuza m katika mbuzi. Lakini mbele ya k, p, s na wenzao huiangusha. Mhaya husema enkoko, sisi twasema kuku. Mhaya husema ensenene, kwa wale panzi wanaoliwa kwa furaha majira ya mvua, nasi twasema senene. N imebaki kwetu katika maneno mafupi tu, kama nta na nso, jina la kale la figo, ambamo pasipo n mkazo ungekosa mahali pa kukaa. Ndiyo sababu nsh ilikuwa adimu katika kamusi yangu, nami nikadhani uadimu ule ni dalili kwamba sauti hiyo si ya kwetu.

Ingawa imeanguka, haikutoweka. Bibi yangu, mzaliwa wa Mombasa, alipotaja paa wa porini alitoa pumzi baada ya p, na alipotaja paa la nyumba hakutoa. Pumzi ile ni kaburi la n iliyokufa. Herufi tunazotumia hazina alama yake, basi wanafunzi wa bara hawafundishwi, na wa pwani wanaisahau. Niliisikia tangu utotoni, nisijue kwamba nasikia kitu ambacho Kihaya kinakiandika waziwazi mwanzoni mwa neno.

Haya yote niliyajua nusunusu. Lililonigeuza halikutoka katika elimu. Siku ile ile, kengele ilipolia, msichana yule alikuja mezani pangu. Alikuwa ameshika daftari lake kifuani. Akauliza kwa sauti ndogo kama nimekwisha kulifuta neno lake ubaoni au bado, maana alitaka aliandike kabla halijafutika. Sikuinua uso, nilikuwa nikihesabu alama. Nikamjibu kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu, Kiswahili asichoandika mtu, "Nshalifuta."

Akainama kwa adabu, akaenda zake.

Nilikuwa nimekaa jioni barazani, mvua imekoma, moshi wa jikoni ukitambaa juu ya migomba, jirani akaniuliza kama nimekula. Nikasema, "Nshakula." Nikalisikia neno langu mwenyewe. Nsha. Nikakumbuka neno nililomjibu mtoto, nikahisi uso wangu unapata moto gizani.

Maana herufi tatu nilizozitafuta katika kamusi usiku kucha zilikuwa kinywani mwangu tangu nilipoanza kusema. Sisi wa pwani twasema nshafika, nshasikia, nshamwambia, mara kumi kwa siku. Nimeshasoma ikifupishwa na ulimi wenye haraka huwa nshasoma. Kitabuni hatuiandiki hivyo. Tukiandika twairudishia mavazi yake. Lakini ndiyo hiyo: n ni mimi, sha ni mabaki ya kwisha, kisha kitenzi. Nami nikaweka pembeni nshasoma, nikaweka pembeni nshomile. Mimi na msichana wa safu ya mbele tulikuwa tumesema jambo moja, kwa herufi tatu zile zile za mwanzo, na n ya kila mmoja ilikuwa ni mimi.

Hapa nilikaribia kuanguka tena katika shimo la siku ya kwanza, nikataka kusema kwamba maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Sh ya nshasoma imetoka katika kwisha. Sh ya nshomile imo katika shina lenyewe la kusoma, mahali ambapo sisi tuna s. Zimekutana njiani kama wasafiri wawili waliovaa kanzu za rangi moja. Undugu uliopo uko kwenye n ya mimi na kwenye shina la soma na shoma, na huo ni wa kale kuliko pwani na Bukoba. Lakini kukutana kwa sh ni bahati, na mtafuta herufi aliye mwaminifu hana budi kusema hii ni bahati, huu ni ukoo, hata kama bahati ndiyo inayopendeza zaidi. Nilijifunza jambo hilo kwa gharama ya jina la Nshamba.

Kuna wanaosema kwamba swali la mwenye neno ni la wanazuoni, na kwamba mtoto akikosa alama moja katika mchezo wa siku ya mvua dunia haiharibiki. Dunia haiharibiki, kweli. Ila alijaribu mara moja kusema mimi katika chumba cha lugha ya taifa, akanyamazishwa na mtu aliyekuwa akisema mimi kwa herufi zile zile, bila kujisikia, kwa sababu ya kwake hapana aliyepata kuihesabu. Hakimu na mshitakiwa walikuwa na kosa moja. Mmoja tu alisimamishwa. Sijui dhuluma iliyo ndogo kuliko hiyo, na pengine ndiyo maana yaweza kufanywa na watu wema kila siku.

Ilinichukua siku nne kujitia moyo. Jumatatu niliingia darasani nikaandika tena N, S, H. Nikawaeleza habari ya enkoko na kuku, na ensenene na senene, wakacheka, na safari hii walikuwa na sababu. Nikawaambia kwamba juma lililopita nilikataa neno ambalo halikustahili kukataliwa, nikaliandika nshomile kwa herufi kubwa, nikalipa alama mbili, moja ya neno na moja ya kucheleweshwa. Hapana aliyecheka. Kisha nikakiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimesema neno lenye herufi hizo siku ile ile, mbele ya mezani pangu, nikasahau kulihesabu.

Msichana yule akanyoosha mkono. Akauliza kama neno la Mwalimu nalo lapata alama, au limefutwa.

Nikasema lihesabiwe. Akaja mbele, akapokea chaki, akasimama kwa ncha za vidole ili afike, akaliandika chini ya lake, pasipo kukosea herufi hata moja: nshalifuta.